Gari Likinyamaza

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni Asteria mwenyewe. Alimsimulia binti yake Eunice, wiki ya Pasaka ya mwaka 2025, nyumbani kwao Isaka, wakichambua choroko barazani. Kabla ya siku hiyo alikuwa ameitoa vipande vipande tu, kimoja kwa padre, kingine kwa mdogo wake Juliana. Siku hiyo aliviunganisha, na hakurudia tena.

Gari lilinunuliwa Geita, Kalangalala, mwaka 2023, baada ya mavuno ya mpunga. Asteria alikuwa mwalimu mstaafu. Mumewe Ngusa, aliyekuwa msimamizi wa wapakuaji wa mabehewa pale bandari kavu ya Isaka, figo zake zilikuwa zimeacha kazi, na mara mbili kila wiki ilibidi afike Mwanza kwenye mashine ya kusafisha damu. Basi lilikuwa linammaliza kuliko ugonjwa. Akirudi jioni, makondakta walimshusha kwa kumbeba kama mzigo wa mtu mwingine, na Asteria alimpokea kituoni, naye Ngusa hana hata nguvu ya kuwashukuru. Ndipo Juliana, aliyekuwa na duka la vitenge Kalangalala, akapiga simu kwamba kuna dalali mmoja, Magesa, ana gari la haibridi, yale yanayokwenda kwa petroli na umeme pamoja, na bei yake inaongeleka.

Waliuza ng'ombe wakaenda.

"Mama, sitakuficha," Magesa alisema, akipangusa kioo kwa kiwiko cha shati. "Limetembea. Ukitazama namba za hapa kwenye dashibodi utadhani limekuja kutoka Japani kwa miguu. Lakini injini imebadilishwa. Hii ni ya gari jingine la aina hiyo hiyo, safi kabisa."

"Hilo gari jingine liko wapi?" aliuliza Asteria.

"Liliuzwa vipande vipande. Mwenyewe ni marehemu."

Juliana alirudi nyuma hatua. "Marehemu!"

"Dada, kila cha mtumba kina marehemu wake. Hata hilo koti ulilovaa." Watu waliokuwa karibu wakacheka, na Magesa akapata moto. "Halafu mafuta! Linakunywa kidogo kidogo, kama mgonjwa anavyokunywa u—" Akamwona Ngusa amekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba ndani ya kandambili, akakatisha.

Ngusa ndiye aliyemwokoa. "Malizia tu, kijana. Uji. Basi tutaelewana. Mimi na hili gari tumetembea sawa, tofauti ni kwamba lenyewe limepata injini."

Waliondoka Geita mchana huo huo. Asteria aliendesha, Ngusa alikaa mbele kushoto, kiti kimelazwa nyuma ili miguu inyooke. Kwenye tuta la kwanza gari lilipopunguza mwendo, injini ikanyamaza kama Magesa alivyowaeleza, likawa linateleza kwa umeme, hakuna mlio ila wa matairi juu ya lami. Katika ukimya huo mtu akakohoa.

"Pole," alisema Asteria.

"Pole ya nini?"

"Si umekohoa?"

"Mimi? Nilidhani wewe."

Kilikuwa kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu aliyekula vumbi la mawe miaka mingi na anayeziba mdomo asisumbue wenzake. Hawakukizungumzia zaidi. Ukiwa na mgonjwa huna nafasi ya kuhesabu kila kikohozi kinachopita.

Miezi ya mwanzo gari liliwafaa. Betri yake kubwa ilikuwa imechoka, kwa hiyo injini ya petroli ilinguruma karibu njia nzima, na kikohozi kilisikika kwa nadra. Asteria aliondoka Isaka alfajiri, akapita Tinde na Shinyanga, akamkabidhi Ngusa kwa wauguzi Mwanza, akalala usingizi wa kukaa kwenye benchi la nje, akamrudisha jioni. Alizoea. Uchovu wake ulikuwa kama nguo ya kazi. Aliuvaa asubuhi, hakuuliza kama umefuliwa.

Kisha ile taa nyekundu ya pembetatu ikawaka kwenye dashibodi, na gari likapelekwa tena Geita, kwa Abel, fundi aliyeifunga ile injini.

"Betri ndiyo inakula mafuta yako, mwalimu," Abel alimwambia. "Ikichoka, injini haipati kupumzika. Nikibadilisha seli zilizokufa, gari litanyamaza mpaka usahau kama limewaka."

Asteria alikubali, akafurahi hasa, na hilo ndilo kosa ambalo baadaye hakuacha kulitaja. Hakuishia hapo. Alijifunza kuendesha kwa upole, akikanyaga mafuta kama anayekanyaga mayai, ili injini isiamke. Kila kijiji chenye kibao cha hamsini, kila penye matuta na askari wa barabarani, alilegeza mguu na gari likaingia kimya. Petroli aliyookoa iligeuka dawa. Hakujua kwamba kadiri anavyoinyamazisha injini ndivyo anavyomfungulia mlango aliyekuwa ndani yake.

Harufu ilianza. Ilikuja na ukimya na kuondoka na mngurumo: harufu ya udongo wa chini kabisa ambao haujawahi kuona jua, na baruti iliyokwisha kulipuka. Mara ya kwanza Asteria alifikiri ni shamba limelowa. Ulikuwa mwezi wa Septemba na Shinyanga yote ilikuwa kavu kama kigae.

Ngusa naye akaanza kurudi nyuma. Zamani alishuka kwenye mashine mwepesi, akidai chai. Sasa alipofika Isaka alikuwa mzito kuliko alivyopelekwa. Siku moja muuguzi alipokuwa akimsafisha shingo ili aweke sindano, pamba ilitoka ya kijivu.

"Mzee bado anafanya kazi kwenye karasha?" aliuliza.

"Karasha gani?" alijibu Asteria. "Huyu hajasaga jiwe maisha yake yote. Alisimamia upakuaji wa mabehewa, tena ameacha siku nyingi."

"Sasa hili vumbi la mawe linatoka wapi?"

Asteria aliichukua pamba ile, akaifunga kwenye ncha ya kanga.

Jioni hiyo, wakikaribia Maganzo, askari alikuwa barabarani, na gari likashuka mwendo, likanyamaza. Ngusa alikuwa amefumba macho. Alisema kwa sauti ya chini sana, kama anayeogopa kumwamsha mtoto:

"Mama Eunice, nikwambie kitu, usicheke."

"Nimechoka, sina cha kuchekea. Sema."

"Kuna mtu ananikalia."

"Anakukalia vipi?"

"Kama mtu anavyokalia kiti. Injini ikizima anakuja anakaa. Mimi nipo chini yake. Nasikia mgongo wake kifuani kwangu." Akajishika kifua. "Ikiwaka, anaondoka. Zamani alikuwa anaondoka mzima. Siku hizi anaacha kidogo."

Asteria alikanyaga mafuta kwa nguvu, injini ikaamka, askari akapuliza filimbi nyuma yao. Walitozwa faini na hakubishana.

Walimwita padre. Alikuja kwa pikipiki, akaomba vizuri, akanyunyiza maji ya baraka kwenye matairi, milango na viti, akawahi misa ya kigango kingine. Boneti haikufunguliwa.

Wiki iliyofuata Ngusa alilazwa Mwanza, akabaki huko, na Asteria akarudi Isaka peke yake kuchukua nguo. Alfajiri aliondoka tena, gari halina mtu mwingine. Alipoingia Tinde, malori yamejipanga kuelekea mzani, akapunguza mwendo. Kimya kikaingia, na harufu ikaingia, na ile kengele ya mkanda ikaanza kulia, ile inayolia abiria akikaa bila kujifunga. Alitazama kushoto. Hakukuwa na mkoba kwenye kiti, wala kanga, wala chochote. Kengele iliendelea kulia, kali, haina subira, na kichwa chake kilikuwa kinauma tangu juzi, na alitaka jambo moja tu duniani, inyamaze. Basi akanyoosha mkono akavuta mkanda juu ya kiti kitupu, akaufunga.

Kengele ikanyamaza. Asteria alishusha pumzi, akatazama mbele, kisha akatazama tena pembeni kwa sababu jicho lilikuwa limeona kitu kabla ya yeye kukielewa: mkanda haukulala kwenye kiti, ulikuwa umesimama hewani umekunja kona pale ambapo kifua cha mtu kingekuwa, na ulikuwa unapanda, unashuka, unapanda, unashuka, taratibu, kama wa msafiri aliyepata nafasi nzuri na safari bado ni ndefu.

Aliendesha hivyo mpaka Mwanza, mkono wa kushoto ameubana ubavuni.

Usiku huo huo alimpigia Juliana, na asubuhi Juliana alikuwa mbele ya gereji ya Abel kabla hajafungua kufuli.

"Ile injini ilikuwa ya nani? Usiniambie marehemu mmoja. Marehemu ana jina."

Abel alizunguka, akashika spana hii na ile, mwisho akasema. Ilikuwa ya Nkwabi, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo kusini mwa mji. Watu wote wa machimboni walijua kwamba Nkwabi aliletewa jini na mganga wa mbali ili duara litoe. Likatoa. Maji yalipolijaza shimo na watu wakahama, Nkwabi hakutaka kuiacha bahati yake chini ya maji. Akalihamisha jini lile kwenye gari, akalipatia makao kwenye injini na kiti cha mbele kushoto. Hakuruhusu mtu kukikalia. Mkewe alikaa nyuma, hata siku ya harusi ya mtoto wao. Na kila mara alifungua boneti akachinjia jogoo juu ya injini ikiwa ya moto.

"Nilipoifungua nilikuta manyoya yameungua," alisema Abel. "Nikadhani ni kiota cha ndege."

"Na Nkwabi alikufaje?"

"Alikutwa barabarani. Gari limesimama pembeni, limewaka lakini limenyamaza. Yeye amekaa kushoto, amefunga mkanda. Kiti cha dereva hakuna mtu." Abel akaweka spana chini. "Ndugu zake hawakulitaka. Mimi niliona injini nzuri, dada. Niliona injini tu."

Mtu aliyewasaidia aliitwa Mwigulu, wa Songwa. Ujanani aliwahi kuosha mchanga wa almasi. Uzeeni watu wa Kishapu walimfuata waliposhindwa kwingine. Ngusa aliporuhusiwa kutoka hospitali walimpeleka kwake, wakamkuta anasikiliza mpira kwenye redio, na hakuizima mpaka mapumziko. Alimtazama Ngusa, akalitazama gari, akamgeukia Asteria, akimwita mama kwa Kisukuma, akauliza jambo moja ambalo hakuna aliyewahi kuwauliza.

"Mayu, likinyamaza, huyu mzee anakaa wapi?"

"Mbele kushoto."

"Ndiyo." Alijikuna shingo. "Mnichukulie kama fundi. Sifanyi miujiza. Nipandisheni, twende taratibu."

Ilikuwa jioni, jua linaanguka nyuma ya vilima vya kifusi. Walizunguka uwanja wa mpira wa kijiji, Mwigulu amekaa nyuma, na Asteria akaliacha gari liteleze kwa umeme. Harufu ikajaa. Ngusa akanyooka kwenye kiti kama mtu aliyevutwa kwa kamba, na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa na kile kikohozi ndani yake.

"Nani yuko nyuma yangu?"

"Mpita njia," alisema Mwigulu. "Na wewe ni nani uliyekaa juu ya mgonjwa?"

"Nilipewa kiti. Nkwabi alisema atakayekikalia ni wangu."

"Nkwabi amekufa."

"Injini haijafa."

Mwigulu akamgusa Asteria begani. "Kanyaga mafuta, mayu. Inatosha."

Aliwaeleza wakiwa wamesimama nje, gari limezimwa kabisa. Likizimwa hivi, alisema, jini linalala. Injini ikinguruma, limo ndani ya injini. Ila gari likiwa hai na injini imenyamaza, ndipo linapotoka kukaa. Gari la kawaida lingeweza kulibeba miaka hamsini na asijue mtu. Kulifukuza yeye hawezi, kwa kuwa aliyelikaribisha hayupo kulikataa. Anachoweza ni kulirudisha lilikotolewa: injini ing'olewe na kushushwa kwenye lile duara.

"Na mpaka tufike Geita?" aliuliza Asteria.

"Isinyamaze hata mara moja. Na mzee twende naye, maana limeacha kidogo chake ndani yake, ila akae nyuma."

Abel, kwa simu, ndiye aliyejua namna. Aliwaambia wawashe hita ya gari mpaka mwisho; ikidai joto, injini hailali. Hivyo siku ya safari, katika jua la Kahama lililokuwa linachemsha lami, watu watatu walipita na madirisha wazi na hita inapuliza moto usoni. Mwigulu alivua shati. Ngusa, aliyelala kiti cha nyuma na blanketi, alisema ni mara ya kwanza mwaka huo anasikia joto.

"Angalau kuna anayefaidi," alisema Mwigulu, na hata Asteria alitabasamu.

Lakini Asteria alikuwa amezoea gari lisilokunywa. Miezi yote hiyo mshale wa mafuta ulikuwa jambo la kutazamwa kesho. Hakuutazama Kahama. Hakuutazama Kakola. Alikuwa anatazama barabara tu, na kioo cha ndani ambamo aliona kifua cha mumewe. Walipokuwa wanaiona Geita kwa mbali, mabati yake yanang'aa bondeni, injini ilitetemeka, ikatetemeka tena, ikakaa kimya, na gari likaendelea kwenda.

Hita ilianza kupuliza hewa ya baridi, kisha hewa ya udongo. Nyuma Ngusa akatoa sauti kama mtu aliyemwagiwa maji. Asteria alisimamisha gari pembeni, mkono ukaenda kwenye swichi.

"Usizime!" Mwigulu alipiga kelele. "Limekwisha kumwingia! Ukizima sasa linalala humo humo lilimo!"

"Nifanye nini?"

"Betri ina nini?"

"Haijafika nusu."

"Mafuta yako wapi?"

"Kituo kiko chini pale, mwanzo wa mji."

Mwigulu alikuwa amemkumbatia Ngusa ambaye macho yalikuwa wazi na hayaoni, midomo imekuwa ya kijivu, vumbi linatoka puani kama unga. "Limezoea kuendeshwa," alisema, sasa kwa kunong'ona. "Liite. Lipe kiti chake. Likihama, mimi namshusha huyu, na wewe uende mpaka injini iwake. Usiligombeze. Usiliahidi kitu."

Asteria alishuka. Alizunguka, akafungua mlango wa mbele kushoto kama unavyomfungulia mkwe, akasogea pembeni.

"Karibu mbele, baba," alisema. "Huko nyuma hapakufai. Twende."

Upepo haukuwepo. Ngusa alipumua mara moja, kwa kelele, akaanza kulia kama mtoto, na kiti cha mbele kikabonyea. Asteria alifunga mlango polepole. Mwigulu akamburuta Ngusa mpaka kwenye majani ya kando ya barabara, na Asteria akarudi nyuma ya usukani, akavuta ule mkanda akaufunga kabla kengele haijalia, na akaondoa gari, akaenda, barabara inateremka na yeye hakanyagi chochote, akihesabu vijiti vya betri vinavyopungua kwenye dashibodi, akisikia pembeni yake kile kikohozi kinachozibwa kwa adabu, na harufu ya shimo ikimjaa mdomoni mpaka akawa anatafuna mchanga, na baridi ikitoka kushoto ikimshika bega, na kiwiko, na vidole vilivyoshika gia, na hakugeuza shingo hata mara moja, kwa sababu alijua kwamba kitu kilichokaa pale kilikuwa kimegeuka na kinamtazama yeye.

"Mgonjwa yuko wapi?" kilisema. Sasa hakikuwa na kinywa cha Ngusa. Kilisema kwa sauti yake.

"Ameshuka."

"Atapanda tena?"

"Hapandi."

Walimpita mtu mwenye baiskeli ya mkaa. Alimpungia Asteria mkono, kisha akautazama upande wa kushoto, na baiskeli ikamwangukia.

"Wewe umechoka," kilisema, kwa upole kabisa. "Naona. Hujalala. Yule ni mzigo. Nipe yeye, upumzike. Sitamwumiza. Utalala mpaka jua litoke, hakuna alfajiri, hakuna Mwanza."

Hapa, alipokuwa anamsimulia Eunice, Asteria aliacha kuchambua, mikono imesimama kwenye ungo. Alisema kwamba hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwa sababu jini halikubuni. Lilikuwa limekaa kwenye gari lile miezi, limemsikiliza anavyovuta pumzi.

"Nimechoka, ndiyo," alilijibu. "Lakini ni mume wangu. Kuchoka kwangu hakukuhusu."

Kijiti cha mwisho cha betri kikageuka chekundu. Gari liliingia kituo cha mafuta kwa mwendo wa mtu anayetembea na likasimama lenyewe, mbele ya pampu ya pili. Mhudumu, binti mmoja mwenye kofia, aliinama dirishani akatabasamu upande wa kushoto. "Shikamoo," akaanza kusema, na sauti ikamfia. Asteria alimwambia aweke petroli, haraka, kiasi chochote. Alipokanyaga mafuta injini ilikohoa, kwa mlio wa chuma safari hii, ikazunguka, ikanguruma. Mkanda ulilegea ukalala kwenye kiti.

Juliana alikuwa anasubiri kwa Abel. Bodaboda zilitumwa kuwafuata Mwigulu na Ngusa. Injini iling'olewa alasiri ile ile, ikafungwa kamba, ikapakiwa kwenye guta, ile pikipiki ya matairi matatu. Kwenye duara la Nkwabi maji yalikuwa meusi na hayakuonyesha uso wa mtu. Wachimbaji waliishusha injini kwa winchi ya mikono. Mmoja aliuliza mbuzi yuko wapi, na Mwigulu akamjibu kwa ukali kwamba damu ndiyo iliyoanza mambo yote haya. Aliinama tu juu ya mdomo wa shimo akasema, "Ulikotolewa ndiko huku. Anayekujua hayupo. Lala." Kamba ilikwenda, ikaenda, kuliko kina ambacho wachimbaji walikitaja, kisha ikalegea. Hakuna aliyesikia maji.

Gari lililobaki Abel alilichukua kwa vipuri. Ngusa alirudi kwenye basi, akilala kwenye kiti cha nyuma kabisa, kichwa mapajani kwa mkewe. Pamba za wauguzi zilitoka nyeupe. Aliishi mwaka mmoja na ushee zaidi, na alifariki Januari 2025, asubuhi, kitandani kwake, kwa figo zake mwenyewe, akiwa ameomba chai.

Asteria yu hai, yuko Isaka, na bado huamka alfajiri bila sababu. Juliana yu hai, Kalangalala. Magesa yu hai, na bado anauza magari. Abel yu hai, ila haibridi hazigusi. Mwigulu wa Songwa alifariki mwezi wa sita mwaka 2025, kwa shinikizo la damu. Mwezi huo huo mmiliki mpya wa duara alileta pampu, akakausha lile shimo mpaka sakafuni. Walikuta kamba imefunguliwa, haikukatwa, imekunjwa vizuri pembeni. Injini haikuwepo. Watu wa machimboni wanasema hawakumwona aliyeipandisha. Aliye nayo hatumjui, kwa hiyo hapa haiwezi kuandikwa kama yu hai.